Mikono Chini ya Mbeleko

To, to, to.

Ulimi ulikuwa unapigwa kwenye kaakaa, taratibu, namna mtu anavyombembeleza mtoto ageuze uso. Consolatha alifumbua macho gizani akasikiliza. Sauti ilitoka chumba cha mbele. To, to, to. Halafu ikaja nyingine, kavu, ya chuma: kacha.

Sauti zote mbili alizijua. Chumba cha mbele ndicho studio, na ndivyo mumewe Danstan alivyowaita watoto wa wateja watazame kamera kabla hajafyatua. Lakini Danstan alikuwa amelala ubavuni pake, mkono wake mzito umemwangukia tumboni, anakoroma. Kamera ilikuwa kabatini na kabati lilifungwa kwa kufuli.

Akawasha taa ndogo ya sola. Happy, binti yao, ambaye bado hakuweza hata kukaa mwenyewe, alikuwa macho. Halii. Uso ameuelekeza mlangoni, anatabasamu, mashavu yanaingia na kutoka kama ya mtoto aliye kwenye ziwa. Na chumbani kulikuwa na harufu ya turubai lililopigwa jua mchana kutwa, na juu ya harufu hiyo, maziwa.

Asubuhi alipomweleza mumewe, Danstan alicheka akasema ni panya. Consolatha akamuuliza kama panya wa hapa Runazi nao siku hizi wanapiga picha. Akacheka tena, lakini hakumtazama.

Studio ile ilikuwa imeshakufa. Nani alipe fundi wa picha wakati simu iko mfukoni? Danstan alibaki na picha za vitambulisho na kamera ya mkanda ya marehemu baba yake, aliyoipenda kuliko kula. Kisha akaenda Nyakisasa kwenye harusi, akarudi na lenzi ya zamani, nzito kama jiwe la mtoni, aliyoipata kwa Mzee Felisiani, ambaye kaka yake alikuwa mpiga picha kambini enzi za wakimbizi wa Burundi. Akaifunga kwenye kamera ya baba yake na kila kitu kikabadilika. Watu waliopigwa kwa lenzi ile walitoka wakiwa na nyuso kama wamekumbuka jambo, macho mabichi, yanayokufuata. Picha zikasambaa kwenye simu, wateja wakaja kutoka Biharamulo mjini, wakaja na kutoka Ngara, na mikanda mipya ikawa inaletwa kwa basi kutoka Mwanza.

Danstan alisafisha mikanda bafuni kwa dawa zake. Consolatha, aliyemaliza kidato cha nne na kuizoea kompyuta, ndiye aliyeskani. Aliziba dirisha la chumba chao kwa blanketi, akapanga negativu kwenye skana waliyoinunua ikiwa imetumika, na kuzitazama zikigeuka: cheusi kuwa cheupe, cheupe kuwa cheusi, mzimu kuwa mtu.

Picha zilizopendwa zaidi zilikuwa za vichanga. Kichanga hakai, kwa hiyo Danstan alimkalisha mama kwenye kiti, akamfunika gubigubi kwa kitambaa kuanzia utosini mpaka miguuni, kisha akamweka mtoto mapajani. Mama alimshika kwa ndani ya kitambaa. Kwenye picha ukamwona mtoto peke yake, amekaa wima kama mwami kwenye kiti chake cha enzi. Consolatha mwenyewe alikaa chini ya kitambaa hivyo, picha ya kwanza kabisa ya namna ile, akiwa amemshika Happy, anacheka humo ndani kwa joto.

Jambo moja tu lilimsumbua alipokuwa anaskani. Katika mboni za kila mtu palikuwa na kivuli cha Danstan ameinama kwenye kamera, na pembeni yake kivuli kingine, kimesimama. Alidhani ni pazia.

Baada ya usiku ule Happy aliacha kunyonya. Si kwamba alilia, wala hakuumwa. Aligeuza tu kichwa, kama mtu aliyeshiba anayekataa kwa adabu. Matiti ya Consolatha yakajaa yakauma, akawa anakamua kwenye kikombe na kumwaga nyuma ya jiko. Akampeleka kliniki. Muuguzi akamning'iniza mtoto kwenye mzani, akatazama kadi, akauliza mama analalamikia nini wakati mtoto ananenepa.

Ananenepa kwa nini, alijiuliza njia nzima. Anakula nini.

Wiki hiyo Danstan aliitwa kupiga picha za kipaimara, akaacha mkanda umening'inia bafuni unakauka. Consolatha aliuchukua auskani kama kawaida. Picha za mwanzo zilikuwa za wazee wa kwaya. Zilizofuata zilikuwa za Happy.

Happy amekaa wima kwenye kiti, gauni la njano, gauni alilomvisha asubuhi ile alipokwenda msibani Mabawe na kumwacha mtoto kwa baba yake, maana kichanga hakipelekwi kwenye makaburi. Chini yake mtu amefunikwa gubigubi. Na kitambaa kilichomfunika mtu huyo kilikuwa mbeleko. Mbeleko yake yeye Consolatha, yenye majua makubwa, aliyofungiwa na nyanya yake siku Happy alipotolewa nje mara ya kwanza, huku bibi akimwambia kwa Kihangaza kwamba mbeleko haiazimwi, hata kwa dada yako wa tumbo moja, kwa sababu anayeifunga ndiye mama na mtoto analijua hilo kabla hajajua kitu kingine chochote.

Akaikuza picha. Vidole vilionekana kwa ndani ya kitambaa, virefu, vimezunguka mbavu za mwanawe. Na juu, mahali pa kifua, mbeleko ilikuwa imelowa sehemu mbili, duara mbili, namna nguo ya mwanamke anayenyonyesha inavyolowa akisikia mtoto.

Hakuwaza shetani. Aliwaza kile ambacho mwanamke yeyote angewaza. Alitoka na mtoto mgongoni moja kwa moja mpaka saluni ya jirani, kwa Esperansia, ambaye wateja wa Danstan walikuwa wanasukwa kwake kabla ya picha, na akamuuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie, tangu lini ameanza kumshikia mtoto na kumpa maziwa.

Esperansia aliweka kitana chini. "Mama Happy, mume wako hata kiberiti haniazimi, atanipa mtoto? Na hayo maziwa unayosema ningeyatoa wapi, mimi ambaye kitinda mimba wangu yuko darasa la tano?" Alikuwa anataka kucheka, lakini alipomwona mwenzake anatetemeka akaacha, akamvuta ndani ya pazia. Akasema siku ile ya msiba hakumwona mwanamke akiingia wala kutoka. Ila alimsikia Danstan kupitia ukuta. Alidhani anaongea na simu.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema, mshike vizuri, mama. Usimbane."

Danstan aliporudi alikuta kompyuta iko wazi mezani. Aliitazama, akakaa, akavua kofia. Hakukana, na hilo ndilo lililomuumiza Consolatha kuliko yote. Akaeleza kama mtu anayeeleza habari za mpangaji. Alimwona tangu mkanda wa kwanza. Mwanamke yuleyule, nyuma ya kila mteja, anatafuta. Watu wote wale walitoka na macho yale kwa sababu walikuwa wanamtazama yeye, bila kujua. Kisha siku ile Consolatha alipokaa chini ya kitambaa na Happy, mwanamke akaacha kutafuta. Akasimama. Na baada ya hapo picha zikaanza kutoka ukungu mtupu, mkanda mzima, mpaka Danstan alipoelewa anachotaka.

"Anataka kumshika tu, Mama Happy. Hamdhuru. Umeona mwenyewe mtoto ananenepa."

"Na mbeleko?"

"Hakuwa na kitu cha kumbebea."

Alisema hivyo, mwanamume aliyemlipia mahari, aliyemshika mkono leba, alisema hivyo kwa upole kama anamwombea mgeni shuka, na Consolatha akamtazama usoni akitafuta aibu na hakuiona, akaona tu uchovu wa mtu ambaye kazi yake inakwenda vizuri na hataki kusumbuliwa.

Kesho yake alipanda gari la Ngara na mtoto, akamtafuta Mzee Felisiani huko Nyakisasa. Alimkuta anachambua maharage mlangoni, mzee mwembamba, jicho moja lina mtoto wa jicho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa nani wewe?"

Alipotaja lenzi, mzee aliacha maharage. Akamtazama Happy kwa muda mrefu, kisha akaenda kufunga mlango wa nyuma, akakaa karibu, akaongea kwa sauti ya kunong'ona ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Kaka yake, marehemu Pancras, alipiga picha kambini, ndani ya kibanda cha turubai. Siku moja alikuja mama amebeba mtoto mgongoni akataka picha ya ukumbusho. Mtoto alikuwa ameshakufa, mama hakukubali. Alitaka picha mtoto akiwa amefumbua macho. Pancras alipiga ile ya kweli, macho yamefumba. Kisha, ili mama aondoke, akaazima mtoto wa mtu mwingine aliyekuwa anangoja nje, mtoto mzima, akampiga chini ya kitambaa, na hiyo ndiyo picha aliyompa yule mama. Akamwambia, huyu hapa wako, mzima, kamtafute. Mama alikwenda kumtafuta. Alizunguka kambi yote na ile picha mpaka homa ilipomuua, na hata baada ya kufa hajaacha.

"Mumeo nilimwonya," mzee alisema. "Nilimwambia, lenzi hii usimpige nayo asiyeweza kukataa. Mkubwa anaweza kukataa, hata moyoni. Kichanga hakatai mtu. Alinijibu, nimesikia babu, mimi napiga watu wazima tu."

Kwa hiyo alijua. Kabla ya picha ya kwanza, kabla hajamfunika mkewe kitambaa akacheka naye, alijua.

Mzee alitoa kipande cha negativu ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa ile ya kweli. Mwanamke amekaa, mtoto mapajani, na kwa kuwa ilikuwa negativu nywele zake zilikuwa nyeupe na uso wake mweusi. Akasema aliyeitumia lenzi aiinue picha hiyo mbele ya dirisha, aseme kwa kinywa chake kwamba walimdanganya, kwamba mtoto wake ni huyu, kisha azike lenzi pamoja na mbeleko. Usipomwambia ukweli hataondoka, alisema akiirudisha kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi, maana hana ubaya, ana ahadi tu.

Danstan alikubali upesi. Upesi mno, lakini Consolatha alikuwa amechoka na alitaka kuamini. Danstan aliingia studio peke yake, akafunga mlango, sauti yake ikasikika ikinong'ona, akatoka na kifurushi cha mfuko mweusi wakakizika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Jioni ile Happy alishika ziwa, akanyonya mpaka jasho likamtoka, na Consolatha akalia juu ya kichwa chake. Nyumba haikunuka turubai tena, na usiku ukawa usiku tu.

Siku zikapita. Alianza hata kumsamehe.

Kisha mchana mmoja mweupe, anaosha vyombo uani, jua liko utosini, akasikia: to, to, to.

Alipita jikoni, mikono ina povu. Kwenye benchi la nje alikaa binti mmoja aitwaye Anneth, aliyejifungua juzijuzi, anakula karanga na kupiga soga na Esperansia. Hakuwa na mtoto. Consolatha akamuuliza mwanawe yuko wapi. Yuko ndani anapigwa picha, Anneth alijibu. Ameshikwa na nani? Anneth akatema ganda. "Fundi amesema ana msaidizi."

Consolatha alisukuma mlango na hakuingia, alisimama pale kizingitini, na aliona vizuri sana, maana dirisha lilikuwa wazi na jua linaingia, aliona mtoto wa Anneth amekaa wima kwenye kiti kama mwami, anacheka, na chini yake mbeleko yenye majua makubwa, mbeleko aliyoamini imezikwa, imemfunika mtu gubigubi, magoti yanaonekana, mabega yanaonekana, kichwa kimeinamia utosi wa mtoto, na kifuani kitambaa kinalowa, duara mbili zinapanuka mbele ya macho yake, na harufu ya turubai ikamjia usoni kama mlango wa kibanda umefunguliwa, na mumewe ameinama kwenye kamera ileile yenye lenzi ileile wala hakugeuka, akafyatua, akasema kwa upole, asante mama, tumemaliza, na kitambaa kikalala chini taratibu kama puto linalotoka pumzi na mtoto akabaki kitini anaegemea upande, karibu aanguke, mpaka Danstan akamdaka.

Anneth alipoondoka na mtoto wake, Consolatha aliuliza swali moja tu, kilizikwa nini. Danstan akasema lenzi mbovu na shuka kuukuu. Akaeleza, tena kwa uvumilivu, kwamba alikuwa amepatana na yule mama. Happy hataguswa. Atapewa wengine.

"Wengine nani?"

"Watoto wa watu, Mama Happy. Wanakuja wenyewe. Wako nimekuokolea, unataka nini tena?"

Kwenye droo ya Danstan, mume alipokwenda kuoga, Consolatha aliikuta bahasha ya kaki. Ilikuwa imefungwa kwa gundi kama alivyoileta. Danstan hakuifungua hata mara moja.

Alikaa na jambo hilo siku nzima. Aliwaza kukimbia, lakini Anneth angebaki, na wengine wangekuja na karanga zao wakae benchini. Aliwaza kuivunja lenzi, lakini mzee alisema hana ubaya, ana ahadi, na ahadi haivunjwi kwa nyundo. Asubuhi akampeleka Happy kwa Esperansia. Akarudi akamwambia mumewe kwamba studio yenye jina kubwa haina hata picha ya mwenyewe ukutani, na kwamba yeye anaweza kufyatua, amemwona mara nyingi.

Danstan alimtazama kidogo. "Unadhani naogopa?" Akacheka. "Mimi ni mtu mzima, naweza kukataa."

"Basi kataa," Consolatha alisema.

Danstan alikaa. Alikuwa amevaa shati jeupe, akanyoosha kola. Consolatha alitandika mbeleko kwenye mgongo wa kiti, nyuma yake, kama pazia la picha. Sasa mwenye lenzi alikuwa yeye, akaenda dirishani, akachana bahasha, akainua negativu kwenye mwanga. Na akaongea, si kwa Kiswahili, kwa Kihangaza cha nyumbani kwao, ambacho mtu wa Burundi anakielewa bila shida, akaongea kama anavyoongea mwanamke na mwanamke mwenzake kisimani. Akamwambia, mama, mtoto wako ni huyu. Amefumba macho. Pole. Walikudanganya. Wa kwanza alikudanganya kwa picha, na huyu amekudanganya kwa watoto wa watu, na mimi pia amenidanganya, na ni huyu hapa, amekaa.

Danstan alianza kuinuka. Hakuinuka. Mbeleko ilikuwa imemzunguka kifua.

Harufu ya turubai ikajaa. Kwenye kioo cha kamera Consolatha alimwona mumewe amefungua kinywa aseme hapana, na kilichotoka kilikuwa sauti ya kichanga, kile kilio kidogo cha kabla ya kilio. Hakufyatua. Aliziona siku zote alizompenda, kwa pamoja. Kisha akaikumbuka bahasha yenye gundi.

To, to, to, Consolatha alipiga ulimi. Danstan akageuza uso, akatabasamu.

Kacha.

Watu wa Runazi walisema ni kiharusi. Walisema amesumbuliwa na zile dawa za bafuni, walisema amerogwa na wapiga picha wa mjini. Ndugu zake walimchukua wakampeleka kwa mama yake, na Consolatha akarudi kwao Mabawe na Happy mgongoni, amefungwa kwa kitenge kipya. Lenzi aliizika mwenyewe, pamoja na mbeleko, mahali ambapo hata Esperansia hakumwonyesha. Ile negativu ya kambini hakuizika, kwa sababu hakukuwa na cha kuzika: ilikuwa imebaki plastiki tupu, angavu kama maji, hakuna mama hakuna mtoto.

Mzee Felisiani alikuja Mabawe kwa bodaboda baada ya msimu wa maharage. Alimshika Happy, akamtazama mboni zote mbili kwenye mwanga, akaridhika. Kisha akauliza habari za Danstan.

Consolatha alisubiri mpaka mama yake alipotoka kwenda shamba. Akaeleza yote, kwa haraka, kwa kunong'ona, macho yako mlangoni. Akamwambia kwamba mkanda ule wa mwisho aliusafisha mwenyewe, kwamba ulitoka na picha moja: mwanamume mwenye shati jeupe, amepakatwa. Akamwambia kwamba mkwewe alimpigia simu jana. Anasema Danstan anakaa kitini mchana kutwa, haongei, ukimpigia ulimi anacheka. Uji anaukataa, anageuza kichwa kwa adabu.

"Hali kitu," mzee alisema.

"Hali kitu, babu. Lakini mama yake anasema ananenepa."

Mzee Felisiani alitazama mlangoni. Nje mtu alipita na baiskeli yenye ndizi. Mwishowe akamuuliza kama kuna mwingine anayejua, Esperansia, Anneth, mama yake mzazi, padri.

Consolatha alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akakaza fundo mara mbili.

"Nimekwambia wewe kwa sababu negativu ilikuwa yako," alisema. "Sitamwambia mtu mwingine."